Muda, Mura na Akiba: Historia ya Istilahi za Uzalishaji Usio na Upotevu, kutoka Koromo hadi Gatumba

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili anayefungua kwa mara ya kwanza kitabu cha uendeshaji wa viwanda hukutana na neno analolijua tangu utotoni: muda. Kwetu neno hilo lilitoka katika Kiarabu na maana yake ni kipindi cha wakati. Katika Kijapani, muda ni kazi ya bure, yaani jambo lolote linalokula nguvu, mali au saa bila kumletea mnunuzi faida. Maneno haya mawili hayana undugu, yamefanana kwa bahati tu. Kufanana huko humsaidia mwanafunzi kukumbuka, lakini humpotosha pia. Akidhani kuwa muda wa Kijapani ni saa zinazopotea peke yake, hatauona upotevu uliojificha katika ghala lililojaa, katika mzigo unaobebwa mara mbili, au katika bidhaa nzuri ambayo hakuna aliyeiagiza.

Insha hii inaeleza istilahi za msingi za mfumo wa uzalishaji ulioanzia katika kampuni ya Toyota nchini Japani, ambao nitauita uzalishaji usio na upotevu. Badala ya kuzipanga istilahi hizo kama kamusi, nitazifuata kwa historia. Hoja yangu ni kwamba kila moja ilizaliwa kama jibu la shida fulani, mahali fulani, katika mwaka fulani. Anayelichukua jibu na kuliacha swali nyuma anaweza kuita upotevu kitu ambacho kwake ni kinga. Mahali nilipopachagua pa kuipimia hoja hii ni Gatumba, magharibi mwa Bujumbura, kati ya mto Rusizi, ziwa Tanganyika na mpaka wa Kongo. Huko swali la nini kiwekwe akiba na nini kisiwekwe huulizwa kila msimu wa mvua.

Mashine inayosimama yenyewe

Historia hii haikuanza na magari, ilianza na nguo. Sakichi Toyoda, aliyezaliwa mwaka 1867, alitumia maisha yake kuboresha mashine za kufuma. Tatizo alilolishughulikia lilikuwa dogo kulitaja, kubwa kulitatua: uzi ukikatika na mashine ikaendelea kwenda, kitambaa chote kinachofuata kinaharibika. Kwa hiyo kila mashine ilihitaji mtu wa kuikodolea macho. Toyoda alitengeneza mashine inayosimama yenyewe uzi unapokatika. Mwaka 1924 ilikamilika mashine yake mashuhuri, Aina ya G, ambayo pia ilibadilisha vyano vya uzi bila kusimama. Mfanyakazi mmoja sasa aliweza kuangalia mashine nyingi, kwa sababu zilimwita zenyewe pale tu zilipomhitaji.

Kutoka hapo tunapata istilahi ya kwanza, jidoka: kuipa mashine uwezo wa kutambua kosa na kusimama kabla kosa halijazaa makosa mengine. Baadaye, katika viwanda vya magari, wazo hilo lilipewa watu pia. Mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa aliruhusiwa kuvuta kamba iliyo juu yake akiona kasoro, na taa iitwayo andon ikawaka kuonyesha mahali penye shida. Tatizo lisipotatuliwa mara moja, mstari wote wa kazi ulisimama. Wahenga wetu walilisema jambo hili kwa njia ya ujenzi: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwaka 1929 kampuni ya Kiingereza ya Platt Brothers ilinunua haki ya kutengeneza mashine hiyo kwa pauni 100,000. Mwana wa Sakichi, Kiichiro Toyoda, aliiongoza familia kuingia katika biashara ya magari, na kampuni ya Toyota ikaundwa rasmi mwaka 1937. Katika kiwanda kipya cha Koromo, kilichofunguliwa mwaka 1938, Kiichiro alihimiza kila kipuri kifike kinapohitajika, kwa kiasi kinachohitajika, si mapema wala si baadaye. Hii ndiyo asili ya istilahi ya pili, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita uzalishaji wa papo kwa hapo.

Shida ya mwaka 1950

Wazo la Kiichiro lilikatizwa na vita kuu ya pili. Baada ya vita, Japani ilikuwa maskini. Mwaka 1949 serikali ilibana matumizi ili kuzima mfumuko wa bei, wanunuzi wakatoweka, na Toyota ikajikuta na magari yasiyouzika na madeni yasiyolipika. Mwaka 1950 kampuni ilikaribia kufilisika. Wafanyakazi waligoma, zaidi ya elfu moja wakaondoka kazini, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu. Vita vya Korea vilivyoanza mwezi Juni mwaka huohuo vilileta oda za malori kutoka jeshi la Marekani, na kampuni ikapumua.

Mwaka huohuo Eiji Toyoda, binamu yake Kiichiro, alikwenda Marekani kutazama kiwanda cha Ford cha River Rouge. Kiwanda hicho kilitoa maelfu ya magari kwa siku, ilhali Toyota kwa mwaka mzima haikufikisha magari 12,000. Ford iliweza kutengeneza kipuri cha aina moja kwa wingi mkubwa na kukirundika, kwa sababu soko lake lilikuwa kubwa na mtaji ulikuwepo. Toyota haikuwa na soko hilo, haikuwa na fedha za kulaza ghalani, na ilitakiwa kutengeneza aina nyingi za magari kwa idadi ndogo.

Aliyeifanya shida hiyo kuwa mfumo ni Taiichi Ohno, fundi aliyetoka katika kiwanda cha kufuma cha familia ya Toyoda na kuhamia kwenye magari mwaka 1943. Ohno alivutiwa na maduka makubwa ya Marekani ya kujihudumia. Katika duka la namna hiyo mteja huchukua anachokitaka, na mwenye duka hujaza nafasi iliyobaki wazi. Rafu tupu ndiyo inayotoa agizo. Ohno akaufanya kila mstari wa kazi kuwa mteja wa mstari uliotangulia. Kadi ndogo iitwayo kanban ilirudi nyuma kusema: tumetumia sanduku moja, tengenezeni sanduku moja. Huu ndio mfumo wa kuvuta, kinyume cha mfumo wa kusukuma, ambamo kila idara hutengeneza kadiri iwezavyo na kumtupia mwenzake mzigo.

Aina saba za upotevu

Ohno aliugawa upotevu katika aina saba, na orodha yake bado ndiyo msingi wa mafunzo mengi:

1. Kuzalisha kupita kiasi au kabla ya kuhitajika. Ohno aliuona huu kuwa mbaya kuliko mwingine wote, kwa sababu huzaa na kuficha aina nyingine.
2. Kusubiri: mtu anasubiri mashine, mashine inasubiri malighafi, mzigo unasubiri sahihi.
3. Kusafirisha bila sababu, kama kupeleka kitu ghalani ili kesho kirudishwe palepale.
4. Kufanya kazi zaidi ya inavyotakiwa, kwa mfano kukagua mara tatu kitu ambacho ukaguzi mmoja unatosha.
5. Mrundikano wa mali ghalani.
6. Mijongeo isiyo ya lazima: kuinama, kutafuta, kwenda na kurudi.
7. Kasoro, pamoja na kazi ya kuzirekebisha.

Muda ina ndugu wawili wanaosahauliwa mara kwa mara. Mura ni kutokuwa na ulinganifu: leo kazi tele, kesho hakuna. Muri ni kumbebesha mtu au mashine mzigo unaozidi uwezo wake. Watatu hawa huenda pamoja. Kazi isiyo na ulinganifu humlemea mtu siku ya wingi na kumwacha akisubiri siku ya uhaba. Meneja anayefukuza muda peke yake, akipunguza watu na dakika, hujikuta ameongeza muri.

Onyo hilo limeandikwa katika historia ya Toyota yenyewe. Mwandishi wa habari Satoshi Kamata alifanya kazi huko kama kibarua wa msimu mwaka 1972, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kinachosimulia uchovu, majeraha na kasi isiyopumzisha. Kwa hiyo tusiisome orodha ya Ohno kana kwamba iliandikwa na malaika. Mfumo uliompa mfanyakazi kamba ya kusimamisha kazi ndio huohuo uliompimia pumzi kwa sekunde.

Istilahi mbili za mwisho zinahusu namna ya kufikiri. Gemba ni mahali halisi pa kazi. Kanuni ni kwamba tatizo hutazamwa pale lilipotokea, halihukumiwi kutoka ofisini, na huulizwa kwa nini mara tano mpaka mzizi uonekane. Kaizen ni maboresho madogo yasiyokoma, yanayofanywa na wote. Haba na haba hujaza kibaba.

Jina kutoka nje

Dunia haikuujali sana mfumo huu mpaka bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973 na Toyota ikatetereka kidogo kuliko wengine. Mwaka 1984 Toyota na General Motors ziliungana kuendesha kiwanda cha NUMMI huko Fremont, California. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale wa kiwanda cha zamani kilichosifika kwa migomo na utoro, lakini ubora wa kazi ulibadilika. John Krafcik, mhandisi aliyefanya kazi NUMMI kabla ya kuwa mtafiti katika chuo cha MIT, ndiye aliyeupa mfumo jina la Kiingereza lean katika makala yake ya mwaka 1988. Mwaka 1990 kitabu cha Womack, Jones na Roos kililisambaza jina hilo duniani.

Neno lean husemwa kwa nyama iliyoondolewa mafuta au kwa mtu mwembamba mwenye nguvu. Linasifu kupunguza. Maneno ya Kijapani tuliyoyaona yanataja shida na tiba yake: kosa linalozaliana, mzigo unaolemea, kadi inayovuta. Jina la Kiingereza lilitaja umbo linaloonekana kwa nje. Nadhani hapo ndipo wakurugenzi wengi walipopata ruhusa ya kudhani kwamba kukonda ndiko lengo lenyewe.

S tano kwa Kiswahili

Katika ukanda wetu, njia moja muhimu ya istilahi hizi ilipitia hospitalini. Hospitali ya wanawake ya Castle Street huko Colombo, Sri Lanka, ilianza mwaka 2000 kutumia mbinu ya kiwandani iitwayo S tano: seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke. Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, liliona mafanikio yake na kuanzisha mwaka 2007 mpango wa nchi za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Nchini Tanzania, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa ya mfano. Burundi na Kongo ziliingia mwaka 2009 katika kundi la nchi zinazotumia Kifaransa.

Tanzania ilifanya jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kulitazama kwa makini. Ilizitafsiri S tano na kuhifadhi herufi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Sasambua ni kutenganisha kinachohitajika na kisichohitajika. Seti ni kupanga kila kitu mahali pake ili kipatikane bila kutafutwa. Safisha haihitaji maelezo. Sanifisha ni kuweka utaratibu mmoja unaojulikana na wote. Shikilia ni kuufanya utaratibu huo kuwa tabia. Seti imekopwa, sanifisha imenyambuliwa kutoka sanifu, na sasambua ni neno la zamani lililopewa kazi mpya. Muuguzi anayetafuta faili la mgonjwa kati ya mafaili mia moja hahitaji kujua Kijapani ili aelewe anachoambiwa.

Viwandani, Ethiopia ilitangulia kwa kuunda taasisi yake ya Kaizen mwaka 2011, na mwaka 2013 wizara ya viwanda ya Tanzania ilianza mradi wa Kaizen kwa msaada wa JICA. Sisi wa Burundi tunaotumia Kirundi, Kifaransa na Kiswahili katika siku moja tuna istilahi za Kifaransa kwenye karatasi, lakini sokoni na gatini maneno yanayofanya kazi ni ya Kirundi na Kiswahili. Kadi ya kanban isiyosomeka na mbebaji wake ni karatasi tu.

Gatumba: mrundikano au akiba?

Sasa tuifikishe orodha ya Ohno nyumbani. Gatumba iko katika tambarare ya Imbo, nchi ya pamba. Pamba hiyo ndiyo iliyotarajiwa kulisha COTEBU, kiwanda cha nguo cha Bujumbura kilichojengwa kwa msaada wa China mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa maneno mengine, sisi pia tulianzia pale alipoanzia Sakichi Toyoda, kwenye uzi. COTEBU ilifungwa katika miaka ya 2000, na baadaye kazi ikaendelea kwa jina la Afritextile. Vita vilivyoanza mwaka 1993, uchakavu wa mashine na ushindani wa nguo kutoka nje ni kati ya mambo yaliyoizonga.

Kuna jambo jingine katika miaka hiyo. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, ambavyo viliendelea mpaka Januari 1999. Mfumo wa papo kwa hapo hudai kwamba kipuri kikiitwa, kije. Katika miaka hiyo kipuri kiliitwa na hakikuja. Fundi aliyekuwa na sanduku la vipuri chini ya meza, ambaye Ohno angemkemea, ndiye aliyeendelea na kazi.

Hali hiyo haijapita kabisa. Mzigo wa Bujumbura unaoshushwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara. Petroli imekuwa ya kusubiriwa katika foleni. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika na kuingia Gatumba, maelfu ya watu wakahama, na mafuriko yamerudi mara kadhaa tangu hapo. Maji yakifunika njia au mpaka ukifungwa, kadi ya kuvuta haina cha kuvuta. Methali yetu, akiba haiozi, inaonekana kupingana moja kwa moja na aina ya tano ya upotevu.

Je, tumtupe Ohno? La. Walimu wa mfumo huu hupenda mfano wa mto: akiba ni maji, matatizo ni mawe. Maji yakiwa mengi mawe hayaonekani, kwa hiyo punguza maji kidogo, lione jiwe, liondoe, kisha punguza tena. Mtu wa Gatumba anaujua mto kuliko mwandishi wa mfano huo, na atauliza: jiwe hili ni la nani? Kama jiwe ni vifaa vilivyopangwa ovyo au karatasi inayogongwa muhuri mara tatu, linaweza kuondolewa na mwenye duka au ofisi husika. Kama jiwe ni mafuriko, vikwazo au uhaba wa petroli, kupunguza maji kunapasua mtumbwi tu.

Toyota yenyewe ilijifunza tofauti hiyo kwa gharama. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin huko Kariya, kilichotengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani kwa magari ya Toyota. Akiba ilikuwa ya saa chache, na viwanda vya Toyota nchini Japani vikasimama. Viliokolewa na ushirikiano: makampuni mengi yaligawana michoro na kutengeneza vali hizo, na baada ya siku chache kazi ikarudi. Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2011, Toyota iliwataka wauzaji wake waweke akiba ya chipu za kielektroniki ya miezi kadhaa. Chipu zilipoadimika duniani mwaka 2021, akiba hiyo iliisaidia kustahimili kwa muda kuliko washindani wake wengi. Kampuni iliyofundisha dunia kuondoa ghala ilikuwa imejenga ghala pale ilipolihitaji.

Kwa hiyo ninapendekeza tutofautishe mambo mawili ambayo Kiswahili tayari kinayatofautisha. Mrundikano ni mali iliyolala kwa sababu hakuna aliyefikiri. Akiba ni mali iliyowekwa kwa ajili ya hatari inayojulikana, kwa kiasi kilichopimwa. Mfanyabiashara mdogo anayevuka kwenda Uvira na nyanya au maziwa hawezi kuweka akiba ya bidhaa hizo, kwa sababu zinaoza. Kwake adui ni kusubiri mpakani, na hapo orodha ya Ohno inamtetea kikamilifu: kila ukaguzi unaorudiwa unamla. Msaga unga jirani yake anahitaji mkanda wa pili wa mashine na dumu la mafuta. Mtaa mmoja, majibu mawili, na yote mawili ni sahihi.

Hitimisho

Tumeona kwamba jidoka ilitoka katika uzi uliokatika, kanban katika ufukara wa mwaka 1950, na neno lean katika macho ya mtazamaji wa Marekani. S tano zilipofika Mbeya zilipata maneno ya Kiswahili kwa sababu kulikuwa na watu wa kuyatumia kesho yake asubuhi. Historia hii inatuonyesha kuwa istilahi hukomaa kwenye gemba, si kwenye faharasa.

Kazi yetu wanafunzi wa lugha ni ndogo lakini ni ya lazima. Mradi unapokuja na orodha ya aina saba za upotevu, tuitafsiri kwa maneno ya fundi, mchuuzi na muuguzi, na tuache nafasi ya wao kusema ni ipi kati ya hizo kwao ni kinga. Kosa la tafsiri hapa halitaishia kwenye alama za mtihani. Mtu aliyefundishwa kwamba kila akiba ni upotevu anaweza kujikuta, Rusizi ukijaa, hana mkanda wa mashine, hana mafuta, na hana unga.